Uzi, Sindano na Miwani ya Babu

Aliyekulia nyumba yenye cherehani anaijua ile sauti ya alasiri. Mashine inakatika mlio ghafla, kimya kidogo, halafu mtu anaitwa. Kwetu Ngamiani, Tanga, aliyekuwa akiitwa ni mimi.

"Mke wangu, njoo unitungie uzi!"

Babu mzaa mama alikuwa fundi wa kanzu, na kiti chake kilikuwa barazani, mgongo ukutani, uso barabarani. Mimi nilikuwa mjukuu wake wa kike wa kwanza, kwa hiyo kwa utani wa kwetu nilikuwa mke wake, na Bibi mke mwenzangu ambaye hatukuwa tukielewana hata kidogo kuhusu nani anakula paja la kuku. Nikiitwa naacha rede, nakuja mbio. Nalamba ncha ya uzi, naisokota kwa vidole, nafumba jicho moja, napenyeza. Imekwisha. Babu anatikisa kichwa kama aliyetazama mazingaombwe, kisha anatia mkono mfukoni na kunipa cha kununulia ubuyu.

Nilidhani ananidekeza. Kwa miaka mingi niliihesabu ile kazi ya kutunga uzi kuwa mchezo wetu wawili, kisingizio cha mzee kumwita mjukuu wake karibu.

Mwaka jana, jioni moja hapa London, kifungo cha shati la shule la mwanangu kilikatika. Nikatoa sindano. Nikalamba uzi, nikausokota, nikafumba jicho. Tundu halikuwepo. Nikasogea taa ilipo, nikanyoosha mkono, nikaurudisha, nikajaribu na jicho la pili. Hapo nikajisikia nikisema kwa sauti, "Hebu njoo unitungie uzi." Mtoto akatunga bila hata kuondoa macho kwenye runinga. Nilikuwa na umri wa miaka 46, na nilikaa pale kitandani na shati mapajani kwa muda mrefu kuliko kifungo kilivyostahili.

Mpima macho alinieleza kwa upole kwamba hakuna ugonjwa. Ndani ya jicho kuna lenzi laini, na msuli unaoizunguka ndio huiachia ivimbe kidogo tunapotazama kitu cha karibu. Miaka inavyopita lenzi hiyo inakakamaa. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, msuli unafanya kazi yake kama zamani lakini lenzi haitii. Dawa yake ni lenzi mbinuko mbele ya jicho, ifanye kazi ambayo ile ya ndani imegoma kuifanya. Akaniandikia lenzi ya nguvu ya +1.50. Nikatoka na miwani ya kusomea ndani ya mkoba, mkobani ikakaa wiki tatu bila kuvaliwa.

Basi ndipo nikaenda makumbusho ya macho na miwani. Nikiogopa kitu huwa nakwenda kukisoma kwanza.

Makumbusho yenyewe yako Craven Street, kichochoro kinachoteremka kutoka Strand kuelekea mto Thames, hatua chache kutoka stesheni ya Charing Cross. Usitegemee jengo la nguzo na simba wa mawe. Ni nyumba ya matofali katika safu ya nyumba za matofali, makao ya chuo cha kitaalamu cha wapima macho wa Uingereza, na makumbusho wanayatunza humo ndani. Huingii tu kama sokoni, unaandika kwanza, unapewa siku. Yalianzishwa mwaka 1901 na J. H. Sutcliffe, mtu wa chama cha wapima macho kilichoundwa mwaka 1895, wakati ambapo kazi ya kupima macho ilikuwa bado inapigania heshima mbele ya madaktari. Nadhani ndiyo maana walikusanya vitu vya kale mapema hivyo. Anayetaka kuheshimiwa huanza kwa kuonyesha ukoo wake.

Na ukoo wa miwani ni mrefu, ila una mtoto wa kusingiziwa. Ukiuliza nani aliyeibuni, vitabu vya zamani vitakutajia Salvino degli Armati wa Florence. Ni uongo. Mwaka 1684 mwandishi mmoja wa mji huo, Ferdinando Leopoldo del Migliore, alidai kuwa na daftari la kale la makaburi lililonakili maandishi ya kaburi la mtu huyo, yakimtaja kuwa mbunifu wa miwani, na Florence ikafurahi kupata sifa ambayo Pisa na Venice nazo zilikuwa zikiitaka. Ilichukua hadi karne ya 20 wanahistoria kuizika hadithi hiyo. Ushahidi wa kweli ni hotuba ya kanisani. Mwezi Februari mwaka 1306, mtawa Giordano wa Pisa aliwaambia waumini wa Florence kwamba haijatimia miaka 20 tangu ufundi wa kutengeneza miwani ugunduliwe, na kwamba yeye mwenyewe alimwona na kuzungumza na mtu wa kwanza kuitengeneza. Jina hakulitaja. Mtawa mwenzake, Alessandro della Spina, anakumbukwa kwa sababu nyingine: aliiona miwani ya mtu aliyekataa kutoa siri yake, akaenda akatengeneza ya kwake, kisha akawafundisha watu kwa moyo mweupe. Huyo ndiye niliyempenda.

Kabla yao kulikuwa na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 11 aliandika Kitab al-Manazir na kueleza kwamba jicho halirushi mwali kwenda kukigusa kitu, bali nuru ndiyo inayotoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Kitabu kilifasiriwa Kilatini, kikasomwa Ulaya karne nyingi. Miwani hakutengeneza. Nasema hivyo kwa sababu kwetu pwani kuna watu ukishawatajia jina lake tu watamkabidhi miwani, kamera na darubini kwa pamoja, na sidhani alihitaji kuongezewa.

Sasa nisimulie kilichonishangaza kuliko vyote. Miwani za mwanzo hazina mikono. Ni vioo viwili, kila kimoja ndani ya duara la mfupa au mbao lenye mpini mfupi, na mipini miwili imeunganishwa kwa msumari mmoja. Unaibana puani, au unaishika kwa mkono. Mnamo mwaka 1953, chini ya sakafu ya monasteri ya Wienhausen, Ujerumani, zilipatikana miwani za aina hiyo zilizodondoka kwenye nyufa za mbao karne nyingi nyuma, bila shaka watawa wakiinama kusali na pua zikiteleza jasho. Na mambo yakabaki hivyo, kubana na kushika, kwa zaidi ya miaka 400! Watu walijenga makanisa yaliyogusa mawingu, wakazunguka dunia kwa merikebu, wakachapa vitabu, na muda wote huo msomaji ameshika miwani yake kwa mkono kama aliyeshika kikombe. Wachache walijifunga uzi masikioni. Mikono migumu ya pembeni ilikuja London kwenye miaka ya 1720, na anayetajwa zaidi ni fundi Edward Scarlett. Hata hiyo haikupita nyuma ya sikio. Ilikuwa na vipete mwishoni, ikibana mapanja ya uso.

Nilimwuliza mwenyeji wetu, aliyekuwa akitutembeza wageni humo, kwa nini watu wenye akili zote hizo walikawia hivyo. Akacheka, akasema pengine kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana na kitu hicho usoni siku nzima. Kisha akatuonyesha kabati ambalo kwangu lilikuwa kabati la aibu: kioo kimoja chenye mpini wa dhahabu cha kuning'inia shingoni kama kidani, miwani ya kukunjwa kama mkasi, miwani yenye mpini mrefu ya mabibi wa opera, upepeo wa kujipepea wenye kioo kilichofichwa ndani yake. Mali na ufundi wa ajabu, vyote kwa ajili ya mtu kuona bila kukiri kwamba haoni. Nikawakumbuka shangazi zangu, ambao mpiga picha wa harusi akisema "tayari" kila mmoja anavua miwani yake na kuificha ndani ya mtandio, halafu wote wanatoka kwenye picha wamekodoa kama waliopotea njia.

Kiswahili chenyewe hakijaitendea haki miwani. Mtu akisemwa amevaa miwani, amelewa. Akivaa miwani ya mbao ndiyo basi tena, haya hana. Babu alikuwa akiyajua maneno hayo. Bibi alipomshauri akanunue miwani, jibu lake lilikuwa moja: "Nivae miwani waseme fundi kaishiwa macho? Kanzu zao watampelekea nani?" Hapo barazani, mgongo ukutani na uso barabarani, kila mpita njia alikuwa mteja wa kesho. Alijua anachokifanya. Sindano akanikabidhi mimi.

Nyumba chache kutoka makumbusho, namba 36 mtaa huohuo, aliishi Benjamin Franklin wa Marekani kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1757 hadi 1775. Yeye hakuwa na aibu hiyo. Alikuwa akihitaji miwani mbili, ya mbali na ya karibu, akachoka kubadilisha, akaagiza vioo vikatwe nusu nusu vikaunganishwe katika fremu moja, cha mbali juu, cha karibu chini. Kama alikuwa wa kwanza kabisa, wataalamu bado wanabishana. Mimi sina hamu na ubishi huo, nina hamu na barua yake ya mwaka 1785 kutoka Ufaransa. Anaeleza kwamba mezani kwa wageni ile miwani humwonyesha chakula alacho na pia nyuso za waliokaa ng'ambo ya meza, na kwamba sikio lisipoizoea lugha, kuona uso wa msemaji unavyocheza husaidia kuelewa. Kwa hiyo, anasema, Kifaransa anakielewa vizuri zaidi kwa msaada wa miwani yake.

Mimi kazi yangu ni ukalimani. Kwa siku naweza kuwakalimania watu kumi kwa simu, hospitali na ofisi za makazi, bila kuona uso wa hata mmoja, na jioni kichwa kinaniuma mahali ambapo wenzangu hawaelewi. Ningeweza kumkumbatia mzee huyo.

Tulipita upesi kwenye vikombe vya kaure vya kuoshea macho, vingi na vizuri, na kwenye macho ya bandia, ambayo sikuyapenda jinsi yalivyonitazama. Tulipita pia miwani za serikali. Huduma ya afya ya taifa ilipoanza hapa tarehe 5 Julai 1948, miwani ilitolewa bure, na watu waliokuwa wakinunua za kubahatisha dukani walifurika. Miaka mitatu haikupita serikali ikaamua kuitoza, pamoja na meno ya bandia, na Aneurin Bevan, waziri aliyeiasisi huduma hiyo, akajiuzulu kwa hilo, Aprili 1951. Nilipenda kwamba kuna nchi ambapo waziri aliwahi kuacha kiti kwa ajili ya miwani.

Halafu chati ya herufi. Ile yenye herufi kubwa juu na ndogo chini ni kazi ya Herman Snellen wa Utrecht, mwaka 1862, na ndiyo imekuwa alama ya macho dunia nzima. Unakaa mita 6 mbali nayo, na ukisoma mstari unaotakiwa unaandikiwa 6/6, safi. Nilisimama mbele yake nikiwaza kwamba mita 6 ni umbali wa mwindaji, wa dereva, wa mwanafunzi na ubao. Maisha ya fundi cherehani yote yako ndani ya dhiraa moja. Babu angeisoma chati ile yote mpaka chini akaambiwa aende zake, mzima. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba kati ya watu wasiopungua bilioni 1 wenye shida ya kuona ambayo ingezuilika au bado haijashughulikiwa, milioni 826 ni hawa wa kutoona karibu, ambao dawa yao ni miwani ya kusomea. Teknolojia ya Giordano wa Pisa! Kule Assam, India, wachumaji wa majani ya chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipopewa miwani ya karibu katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, mavuno yao yaliwapita wenzao wasiopewa kwa zaidi ya asilimia 20. Chai, si kitabu. Wengi wakisikia "miwani ya kusomea" wanadhani asiyesoma haihitaji.

Babu alikuja kupata miwani mwishoni. Nilikuwa kidato cha tatu. Walikuja watu na boksi la miwani zilizokwisha kutumika, zilizokusanywa ughaibuni, wakaziweka juu ya meza ukumbini, na tangazo likawa kila mzee ajichagulie inayomfaa. Hakuna aliyeulizwa anafanya kazi gani. Babu, ambaye dukani asingekwenda, kwenye zawadi alikwenda, maana zawadi hairudishwi. Alichagua kwa fremu: ya chuma cha rangi ya dhahabu, nyembamba, iliyomfanya aonekane hakimu mstaafu. Akaivaa kila siku mpaka kufa kwake. Tulimpenda nayo. Alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa akachungulia kwa juu ya vioo, tukasema mzee sasa amekuwa shehe.

Na ndio wakati kanzu zilipoanza kurudi. Mkono mmoja umempita mwenzake vidole viwili. Pindo limekwenda upogo. Mjomba akasema mzee amekuwa mzembe, kwa sauti ambayo mzee aliisikia. Hakujibu. Kidogo kidogo akabaki anapokea suruali za kupunguza urefu, halafu akabaki anakaa tu barazani, cherehani imefunikwa kitambaa.

Babu alipofariki, Mama alinipa kopo lake la poda, ndani yake mna subana, chaki kipande na ile miwani. Nimetembea nalo miaka yote hii, na siku ya makumbusho lilikuwa mkobani, pamoja na miwani yangu mpya isiyovaliwa. Mwenyeji wetu alikuwa akieleza jinsi wapima macho wa zamani walivyoitambua lenzi bila mashine. Unaishika mbele ya mstari wowote ulionyooka, ukingo wa dirisha kwa mfano, unaipeleka polepole pembeni huku ukitazama mstari kupitia kioo. Mstari ukikimbia kinyume na mkono wako, lenzi ni mbinuko, ya kukuzia, ya karibu. Mstari ukikufuata, ni mbonyeo, ya mtu asiyeona mbali. Akauliza nani ana miwani tujaribu.

Nilitoa yangu kwanza. Ukingo wa dirisha ukakimbia kinyume. Watu wakasema aa. Kisha nikafungua kopo.

Ukingo ukafuata mkono. Nikarudia. Nikajaribu kioo cha pili. Ukafuata tena, kwa uaminifu kabisa, kama mtoto anayefuata mama sokoni.

Ilikuwa miwani ya kijana fulani wa Ulaya asiyeona ubao. Kwa mzee wa miaka sitini na kitu anayetafuta tundu la sindano, ile ilikuwa ikimsukuma nyuma, mbali zaidi na kazi yake. Hakuwa shehe. Alikuwa akichungulia kwa juu kwa sababu hapo juu ndipo palipokuwa na nafuu, na palipokuwa na nafuu ni palepale alipoanzia. Aliivaa kwa adabu ya zawadi, akashona kwa kuikwepa, akaitwa mzembe. Mwenyeji wetu aliniuliza kama niko sawa. Nikasema ni vumbi, jibu la kijinga kuliko yote kumpa mtaalamu wa macho.

Kabla ya kutoka nilisikia habari ya jiwe. Mafundi miwani wa London wana chama chao tangu mwaka 1629, kwa hati ya Mfalme Charles wa Kwanza, na zamani chama hicho kilikuwa na mamlaka ya kuingia madukani kukagua. Mwaka 1671 walikamata dazeni 22 za miwani, mbovu kioo na fremu, wakazihukumu kuwa ni mbaya na za udanganyifu. Zikapelekwa Cannon Street mpaka kwenye Jiwe la London, jiwe la kale la jiji hilo, zikapondwa kwa nyundo hadharani. Dazeni 22 ni miwani 264. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi tangu siku ile.

Nilikwenda. Sio mbali, nusu saa hivi kwa miguu ukifuata Strand. Jiwe bado lipo, namba 111, nyuma ya kioo katika ukuta, kipande cha chokaa kisichozidi mkoba mkubwa wa safari. Wafanyakazi wa benki wanapita mbele yake na kahawa zao bila kugeuka. Kuna maandishi ya maelezo pembeni, nikavaa miwani yangu nikayasoma, mara ya kwanza kuivaa mbele za watu. Kisha nikatoa ile ya Babu nikaishika mkononi, na kwa muda kidogo nilielewa raha ya nyundo.

Nikampigia Mama. Tanga ilikuwa jioni, nilisikia adhana kwa mbali. Baada ya shikamoo na habari za mtoto nikamweleza yote, mstari, dirisha, kioo kilivyokuwa kinyume. Akanyamaza. Nikamwuliza kama yupo.

"Nipo. Kwa hiyo ile kanzu ya mzee Salim..."

"Ndiyo, Mama."

"Na mjomba wako alivyomsema vile mbele za watu." Akanyamaza tena, nikasikia kiti kikivutwa. "Sasa uko nayo hapo?"

Nikamwambia niko nayo, mbele ya jiwe walilokuwa wakivunjia miwani mbovu.

"We mtoto, usiivunje! Fremu nzuri ile, siku hizi hazipatikani. Niletee ukija. Nitamwambia fundi aitoe hivyo vioo, anitilie vya kwangu."